Ndege ya karatasi na swali la mwalimu: "Umejuaje?"

Jumatano moja baada ya sala ya Maghrib, binti yangu aliye gredi ya saba alinijia na daftari lake la sayansi, uso kaukunja. Chini ya kazi yake mwalimu alikuwa ameandika neno moja tu kwa kalamu nyekundu: "Umejuaje?"

"Baba, mimi nimesema kweli, naye aniuliza nimejuaje. Si nimeona kwa macho yangu?"

Nikaisoma kazi yenyewe. Wanafunzi walikuwa wameambiwa wachunguze jambo moja linaloathiri umbali ambao ndege ya karatasi huruka. Binti yangu alikunja ndege mbili. Ya kwanza ilikuwa ya karatasi aliyoichana kwenye daftari, mabawa membamba, akairusha mwenyewe uani. Ya pili ilikuwa ya karatasi ya manila iliyobaki kwenye mradi wa mwezi uliotangulia, mabawa mapana, na aliyeirusha ni kakake, kijana wa miaka kumi na sita ambaye kila baada ya Alasiri yuko uwanjani. Ya pili ikaenda mbali kuliko ya kwanza. Basi akaandika, kwa hati nzuri kabisa: "Ndege yenye mabawa mapana huruka mbali zaidi."

Umejuaje kwamba ni mabawa? Huenda ni ile manila. Huenda ni mkono wa kakake. Huenda upepo ulivuma wakati wa ndege ya pili na ukatulia wakati wa ile ya kwanza. Mambo manne yaligeuka kwa pamoja, naye akalichagua moja kati ya hayo akalipa sifa yote. Binti yangu hakusema uongo, maana kweli aliona ndege ikienda mbali. Lakini sababu hakuiona, aliikisia tu, kisha akaiandika kama kitu alichokiona.

Wiki hiyo hiyo kundi letu la wazazi la WhatsApp lilikuwa limechemka. Mzazi mmoja alituma video ya Mzungu anayefundisha kukunja ndege inayovuka uwanja mzima. Mwengine aliuliza ni duka gani linalouza karatasi ngumu. Baba mmoja alikiri kwamba amekesha hadi saa sita za usiku akikunja ndege huku mwanawe amelala fofofo. Na malalamiko yale ya kila siku yakarudi, kwamba mtaala huu wa umilisi unatusomesha sisi wazazi badala ya watoto. Malalamiko hayo yana ukweli wake, wala simtetei mtu. Ila katika kazi hii tulikosea wenyewe kwa kuisoma vibaya. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba mtoto alete ndege inayokwenda mbali kuliko za wenziwe. Aliulizwa ni jambo gani linaloathiri umbali. Hilo ni jaribio, na sisi tuligeuza kuwa mashindano.

Tofauti yake si ndogo. Mwaka 2012 Mmarekani John Collins alivunja rekodi ya dunia kwa ndege ya karatasi iliyoruka mita 69.14 ndani ya hangari kule California. Collins aliikunja tu. Aliyeirusha ni Joe Ayoob, mtu aliyewahi kucheza mpira wa miguu wa Kimarekani na ambaye kazi yake ilikuwa kurusha mpira. Rekodi hiyo nayo imekwisha kuvunjwa, mwaka 2022 ndege ya wahandisi wa Marekani ilifika mita 88.318. Katika mashindano unaruhusiwa kutafuta karatasi bora, mkono bora, mkunjo bora na chumba kisicho na upepo, vyote kwa mpigo, kwa sababu unachotaka ni ushindi. Ukishinda hakuna anayekuuliza ni kipi kati ya vyote hivyo kilichokushindisha. Katika jaribio swali hilo ndilo kazi yenyewe, na kumwita mtu mwenye mkono mzuri bila kusema ni kuharibu.

Sasa tuje kwenye jina. Kile kinachoweza kugeuka katika jaribio, yaani unene wa karatasi, upana wa mabawa, nguvu ya mrushaji, urefu wa mahali unaporushia, wenye sayansi wanakiita kigeu. Sisi wa pwani hatuna haja ya kuliogopa neno hili, maana kigeugeu tunamjua. Ni yule anayekuahidi saa nne akaja saa nane, leo yuko upande huu na kesho yuko ule. Kigeu ni nduguye, kitu chochote ambacho kinaweza kuwa hivi au kuwa vile.

Katika jaribio la haki vigeu hugawanywa mafungu matatu. Kimoja unakigeuza wewe mwenyewe kwa makusudi. Hicho huitwa kigeu huru, kwa sababu hakingoji mtu mwengine, wewe ndiwe unayeamua kiwe kiasi gani. Kimoja unakipima, nacho ni kigeu tegemezi, kwa sababu matokeo yake yanategemea kile ulichokigeuza. Katika kazi ya binti yangu hicho ni umbali. Vyote vilivyobaki, na ndivyo vingi, unavishika visicheze. Hapo ndipo penye jasho. Kukunja ndege ni kazi ya dakika tano, kuwashika vigeugeu kumi wakae kimya ni kazi ya siku nzima.

Njia hii si ya jana, na wala si lazima tuihesabu kuwa ya kigeni. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra karibu mwaka 965 na kufanya kazi zake kubwa Misri, aliandika katika Kitab al-Manazir juu ya taa kadhaa zilizopangwa mbele ya tundu dogo la chumba chenye giza. Kila taa ilitupa doa lake la nuru ndani. Akaifunika taa moja, doa moja likapotea na mengine yakabaki mahali pake. Akaifunua, doa lile likarudi. Kisha taa nyengine, vivyo hivyo. Angezifunika mbili kwa pamoja, madoa mawili yangepotea na asingejua lipi ni la taa ipi. Kwa kufunika moja moja alionyesha kwamba nuru ya kila taa inakwenda kwa njia yake iliyonyooka na haichanganyiki na ya mwenzake tunduni. Wanetu wanamtajwatajwa Ibn al-Haytham katika hotuba za kusifu wanazuoni wetu wa zamani. Ningependa siku moja watajiwe na kile alichokifanya kwa mikono yake.

Nilimwambia binti yangu tutaanza upya. Akachagua kugeuza uzito wa puani. Ndege itakuwa ileile, na puani ataibandika klipu za karatasi, kwanza bila klipu, halafu moja, halafu mbili, halafu tatu. Kabla ya kurusha chochote nilimtaka aandike anachotarajia. Akaandika kwamba ndege isiyo na klipu itakwenda mbali kuliko zote, kwa sababu ni nyepesi, na kitu chepesi hubebwa na hewa. Ni makisio ya mtu mwenye akili. Nikamwambia ayaandike kwa kalamu ya wino, si penseli. Sababu ya wino aliijua baadaye.

Kisha tukakaa mkekani kuwasaka vigeugeu. Karatasi, tukachukua A4 za pakiti moja, za gramu 80. Hesabu yake ni nyepesi: karatasi 16 za A4 hufanya mita mraba moja, kwa hivyo kila moja ina uzito wa gramu 5. Klipu ndogo haifiki hata gramu moja, lakini mbele ya gramu 5 si kidogo. Nilimwambia pia asichanganye karatasi ya pakiti mpya na ile iliyolala mezani wiki mbili. Mji huu wetu una unyevu, na karatasi iliyoachwa wazi karibu na dirisha hulegea kama mkate wa jana. Mkunjo ukawa mmoja, tena ndege ikawa moja tu, tuibandike na kuibandua klipu, badala ya kukunja ndege nne na kudai kwamba zimefanana.

Mrushaji angekuwa yeye peke yake. Hapa palikuwa na ugumu, kwa sababu mkono wa mtu ni kigeugeu mkubwa kuliko wote. Huchoka, na pia hupendelea. Ukiwa umeshaandika kwamba ndege isiyo na klipu itashinda, mkono wako bila wewe kukusudia utaitia nguvu zaidi. Kakake akatoa wazo zuri, wacha nimpe haki yake. Alifunga mpira wa kubania pesa kwenye ncha ya rula ya mbao, akakata kijipengo chini ya ndege cha kuukamata ule mpira, akatia alama ya kalamu mahali pa kuvutia. Kila mrusho unavuta hadi alama, unaachia. Rula nayo ikaegeshwa kwenye ukingo wa meza moja, ili urefu na pembe visibadilike.

Ukabaki upepo. Yeyote aliyekulia hapa anajua uani si mahali pa kupimia kitu chepesi. Kuna kusi na kaskazi za misimu, kuna matlai ya asubuhi, na kuna ule upepo wa vichochoroni usio na jina, unaokata kona ukakurushia vumbi la machoni. Tukamwomba ustadh wa madrasa ya mtaani atupe chumba kikubwa Jumamosi baada ya Alasiri, watoto wakiwa wametoka. Akatupa, na yeye mwenyewe akabaki kuangalia. Tukafunga madirisha, tukazima panka, na jasho likatutoka kwelikweli.

Jambo la mwisho lilikuwa kukubaliana tunapima nini hasa. Ndege ikigusa sakafu huteleza. Je, tupime pale ilipogusa au pale iliposimama? Ukichagua moja leo na jengine kesho, kipimo chenyewe kimekuwa kigeugeu. Tukakubaliana ni pale pua inapogusa sakafu mara ya kwanza, na kakake akawekwa pembeni na kipande cha chaki, ajitupe chini atie alama.

Kila hali tulirusha mara tano. Ustadh aliuliza kwa nini tano, mbona moja haitoshi ikiwa kila kitu tumekishika. Swali zuri. Jibu ni kwamba hakuna kinachoshikika sawasawa. Hata kwa mpira na alama, kuna mrusho unaoponyoka kidogo kushoto, kuna mkunjo unaolegea. Mrusho mmoja waweza kuwa wa bahati, mzuri au mbaya. Mitano inakuonyesha ni kiasi gani ndege ileile, katika hali ileile, inatofautiana na nafsi yake. Ukilijua hilo ndipo utajua tofauti kati ya hali mbili ni ya kweli au ni mtikisiko tu.

Bila klipu tulipata mita 4.1, 5.3, 3.8, 4.9 na 4.4. Wastani ni 4.5. Kila mara ndege ilipanda pua, ikasita hewani kama mtu aliyesahau alichokijia, kisha ikaanguka.

Klipu moja: 6.2, 7.0, 5.9, kisha 2.1, kisha 6.8.

Ile 2.1 ilitokea hivi. Wakati ndege imeshaachiwa, mtoto mmoja aliyesahau kofia yake aliusukuma mlango, upepo ukaingia naye, ndege ikayumba na kujipiga kwenye miguu ya benchi. Binti yangu alikuwa tayari ameshika ufutio. "Hii haihesabiwi, Baba."

Hapo nilisimamisha kila kitu, kwa sababu niliona jambo hili ni zito kuliko klipu. Nilimuuliza kama anaifuta kwa sababu mlango ulifunguliwa au kwa sababu ni mbaya. Akasema kwa sababu mlango ulifunguliwa. Nikamuuliza: je, mlango ungefunguliwa, upepo ukaipeleka ndege mita 9, ungeshika ufutio? Akacheka, akanyamaza. Kakake akamjibia: "Ungeandika na kupigia mstari."

Tuliamua namba ibaki kwenye daftari jinsi ilivyo, na pembeni yake maneno "mlango ulifunguliwa". Ukiihesabu, wastani wa klipu moja ni mita 5.6. Ukiiacha kando, wastani wa ile minne iliyobaki ni karibu 6.5. Ameandika yote mawili, na ameeleza kwa nini. Anayesoma ataamua mwenyewe. Kuna wanaodhani uaminifu katika sayansi ni kutoandika uongo. Binti yangu hakuwa na nia ya kuandika uongo wowote, alitaka kufuta tu. Lakini ukifuta kila usichokipenda na kubakisha kila unachokipenda, utafika kwenye uongo bila kutamka neno moja la uongo.

Klipu mbili: 5.1, 4.6, 5.5, 4.8 na 5.0, wastani mita 5.0. Klipu tatu: 3.0, 3.4, 2.9, 3.6 na 3.1, wastani 3.2, na ndege ilikuwa ikipiga mbizi moja kwa moja kama mdiria aliyeona samaki.

Kwa hivyo makisio yake yalianguka. Isiyo na klipu haikushinda. Lakini pia ile kauli tunayoipenda, kwamba kitu kikifaa basi kingi kitafaa zaidi, nayo ilianguka. Ukiichora kwenye karatasi ya grafu, klipu zikiwa chini na mita zikiwa ubavuni, mstari unapanda kisha unashuka. Sababu yake inaelezeka. Ikishaachiwa, ndege ya karatasi haina injini. Uzito unaivuta chini, hewa inayopita mabawani inaiinua, na hewa hiyo hiyo inaizuia isiende mbele. Uzito ukikaa nyuma mno, pua hupanda, kasi hupungua, na mabawa hayapati tena hewa ya kutosha ya kuyabeba. Klipu moja inasogeza mizani mbele, pua inatulia, ndege inateleza. Tatu zinaiinamisha pua, na safari inaishia sakafuni mapema. Nahodha wa jahazi lililopakiwa shehena yote tezini anayajua haya bila ya kurusha karatasi.

Binti yangu alitaka kubadilisha makisio yake, aandike kwamba alijua klipu moja itashinda. Ndiyo maana ya wino.

Kwa nini nimekuchosha, msomaji wangu, na klipu na rula? Kwa sababu ya ami yangu.

Ami ana kisukari cha miaka mingi. Mwaka juzi aliamua kujitunza. Akaanza kunywa unga wa majani ya mlonge kila asubuhi. Mwezi huohuo aliacha soda, akapunguza mahamri kutoka manne hadi moja, akawa anakwenda kwa miguu sala ya Alfajiri katika msikiti wa mbali badala ya ule wa jirani, na daktari wake akamwongezea kidonge kimoja juu ya vile alivyokuwa navyo. Baada ya miezi mitatu alipimwa, sukari imeshuka vizuri. Furaha ikajaa nyumbani. Na Ami, pale barazani penye kahawa chungu, akawaambia wenziwe: mlonge.

Mambo matano yaligeuka kwa pamoja, naye akalichagua moja akalipa sifa yote. Ni kosa lilelile la binti yangu na ndege zake mbili, tofauti ni kwamba binti yangu alipata wino mwekundu tu. Mmoja wa wale waliokuwa wakimsikiliza barazani alinunua mlonge, akaacha vidonge, maana kama mlonge ndio uliomponya fulani, vidonge vya nini? Aliendelea hivyo hadi kidonda cha mguuni kikamlaza hospitali wiki mbili. Mguu Alhamdulillahi haukukatwa.

Sisemi mlonge haufai. Nisome vizuri hapo, maana najua simu zitakazoingia. Nasema Ami hajui kama ni mlonge, na mimi sijui, na kwa jinsi alivyofanya hakuna anayeweza kujua. Wala Ami hakukosea kugeuza mambo yote matano. Mgonjwa hayuko kwenye jaribio, yuko kwenye mashindano ya kuishi, na afanye yote yatakayomfaa. Kosa lilikuwa kutoka barazani na jibu la swali ambalo hakulipima.

Wenye bahari wenzetu walilipa gharama kubwa kwa jambo hili. Zamani mabaharia wa safari ndefu walikuwa wakiumwa ugonjwa wa kutokwa damu kwenye fizi na vidonda visivyopona, unaoletwa na kukosa matunda na mboga mbichi. Kila nahodha alikuwa na dawa yake na ushahidi wake wa "nilimpa fulani akapona". Mwaka 1747, ndani ya meli ya Kiingereza iliyoitwa Salisbury, daktari James Lind alichukua wagonjwa 12 waliokuwa na hali zinazokaribiana, akawalaza mahali pamoja, akawalisha chakula kimoja, kisha akawagawa wawili wawili na kuwapa dawa sita tofauti. Siki kwa hawa, maji ya chumvi kwa wale, na wawili wakapewa machungwa na malimau. Matunda yaliisha kwa siku sita, lakini ilikuwa imetosha. Mmoja wa waliokula matunda alikuwa ameshafaa kurudi kazini. Angempa kila mgonjwa dawa zote sita, pengine wote 12 wangepona, na siki ingeendelea kusifiwa. Ajabu ni kwamba hata baada ya hapo jeshi la majini la Uingereza lilichukua hadi mwaka 1795 kuanza kuwagawia mabaharia maji ya malimau kwa utaratibu. Lind mwenyewe katika kitabu chake hakuutilia mkazo ugunduzi wake kama ulivyostahili. Kupima ni jambo moja, kukubali ulichokipima ni jengine.

Nami nina langu. Nilipokuwa nasomea diploma ya umeme, mkufunzi alinipa sakiti iliyoharibika niitengeneze. Nikabadilisha fyuzi na swichi kwa pamoja, taa ikawaka, nikajiona bingwa. Akanitaka nimwonyeshe ni ipi iliyokuwa mbovu. Sikuweza. Akazing'oa zote mbili, akanirudishia, akaniambia nianze upya. Kwa hiyo nilipoliona lile "Umejuaje?" kwenye daftari la binti yangu, nilihisi kama limeandikwa kwa ajili yangu, limechelewa miaka ishirini na kitu.

Nikadhani kazi imekwisha. Tukiwa tunakunja mkeka pale madrasani, kakake akauliza swali lililonifunga mdomo. Alisema: "Baba, ukiongeza klipu puani umegeuza mambo mawili. Umeongeza uzito wa ndege yote, na umesogeza mizani mbele. Umejuaje ni lipi?"

Mzee mzima nikakaa chini tena. Kijana ana haki. Tulishika karatasi, mkono, upepo na meza, na vigeugeu wawili wakapita pamoja wamejificha ndani ya klipu moja. Tulichoweza kusema kwa haki ni kwamba idadi ya klipu puani inaathiri umbali. Ile hadithi yangu nzuri ya pua na mizani, ambayo naamini ni kweli, jaribio letu halikuithibitisha. Binti yangu aliandika hivyo hivyo mwishoni mwa kazi yake, chini ya kichwa "Ambacho bado hatujakijua", na mwalimu safari hii hakuandika neno, alitia alama ya vema tu.

Jumamosi iliyofuata tulirudi kwa ustadh bila ya kazi yoyote ya shule. Klipu ikawa moja tu kila mrusho, uzito uleule, mahali pake ndipo palipogeuzwa: puani, katikati, mkiani. Mlango tuliufunga kwa komeo. Ya puani ikaenda kama wiki iliyopita. Ya katikati ikaenda karibu na pungufu kidogo. Ya mkiani ilipoachiwa ilisimama wima hewani, ikapinduka kinyumenyume, ikapita juu ya kichwa cha mrushaji na kutua nyuma ya meza.

Binti yangu akaitazama, akatazama daftari, akanitazama mimi. "Baba, ikianguka nyuma ya mstari tunaandikaje?"

Ustadh ndiye aliyemjibu. Akamwambia apime vilevile, kisha atangulize alama ya kutoa.